Mashine Iliyoishia Kumugezi

Mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, kwenye korido ya shule, bombani, hata harusini juzi wakati nimeshika sahani ya pilau: ile mashine iliishia wapi? Nami nimekuwa nikimpa kila mtu kipande chake, na sasa nasikia vipande vyenu vimekutana na havifanani. Wengine mnasema lori lilipinduka. Halikupinduka. Wengine mnasema dereva alikuwa amelewa. Mzee Yasini hajaonja pombe tangu azaliwe, na aliyeanzisha maneno hayo namjua, atakapokuja kwangu kuomba chumvi tutaongea. Basi kaeni niwasimulie safari nzima. Mambo ya vibali na mapatano ya kununua nayaruka, yalinichosha wakati ule na sitaki yanichoshe tena.

Mnajua kwamba naishi Buzebazeba na nafundisha hapa hapa mjini, lakini kwetu ni milimani, juu ya Kalinzi, kijiji kilichokaa mgongoni mwa kilima. Siku ya jua unaliona ziwa lote chini yako, mpaka milima ya Kongo. Kitu kimoja hakipo kule, nacho ni mashine ya kusaga. Wanawake hujitwika mahindi na muhogo mkavu, wakashuka bondeni, wakapanda upande wa pili mpaka Kalinzi, wakarudi na unga. Shangazi yangu Monika, aliyenilea baada ya mama kufariki, magoti yake yaliikataa njia hiyo. Akarudi kwenye kinu na mchi, peke yake, na uzee ule. Ndiye aliyewakusanya wanawake wenzake wakaunda kikundi. Ndiye aliyechagua mahali pa kuiweka mashine, hatua chache kutoka mlangoni kwake, akisema wazi kwamba hajifichi, anataka kusaga bila kushuka mlima. Mimi nikatumwa kuileta.

Ilagala hadi Simbo

Tuliipata Ilagala, kusini huko karibu na mto Malagarasi unapokaribia ziwa, kwa bwana mmoja aliyekuwa ameamua kuachana na unga na kuhamia kwenye mawese. Nilikwenda na wifi yangu Dafroza, mwanakikundi mwenye mdomo mwepesi kuliko wangu, na Mzee Yasini wa Ujiji na lori lake. Mmeliona lori lile. Lilikuwa la jeshi zamani, kijani chake kimechujuka, uso wake kama wa mtu aliyeamshwa usingizini kwa makelele. Lina magurudumu sita, na yote sita yanavuta.

Tulipofika, mwenye mashine hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumwoza mpwa wake kijiji cha pili na hakuna aliyejua angerudi lini. Mkewe hakuona tatizo. Alituchomea samaki, migebuka, akatupikia sombe ya majani ya muhogo yenye mawese ya kuchuruzika na ugali wa muhogo, na kila nilipouliza habari za mumewe aliniongeza mboga. Tulikaa pale mpaka Dafroza akaanza kujua majina ya mbuzi. Bwana aliporudi, mchangamfu, na ua la harusi bado liko kifuani, alishangaa kwamba tulikuwa na haraka.

Mashine ilikuwa kitu kimoja kirefu, injini ya dizeli na kinu chake vimefungwa juu ya fremu moja ya chuma. Wanaume waliibiringisha juu ya magogo mpaka ndani ya bodi la lori. Kwa kuwa ilikuwa masika, yule bwana alitupa turubai jeupe, tukaifunika na kuifunga kamba kichwani, kiunoni na miguuni. Naona sasa hivi nimesema kichwani na miguuni. Ndivyo ilivyoonekana.

Njia ya kutoka kule, mvua zikinyesha, ni uji. Hatukwenda mbali, lori likazama mpaka kwenye ekseli. Mzee Yasini hakushtuka. Alishuka, akazunguka akitazama kila gurudumu, akarudi na kushika ile gia ndogo iliyo pembeni ya gia kubwa.

"Mwalimu, unasomesha hesabu, si ndiyo?" akaniuliza.

"Nasomesha, Mzee."

"Basi sikiliza. Injini hii haina nguvu za kumtisha mtu. Nguvu zinapikwa na gia. Nikitia gia nzito, injini inazunguka sana, gurudumu linazunguka kidogo. Mwendo unapungua, mvuto unaongezeka. Huwezi kupata vyote viwili." Akavuta kitufe kingine. "Na hii ni loki. Inafunga gurudumu la kulia na la kushoto yawe kitu kimoja. Moja likiteleza, lenzake linaendelea kuvuta."

Dafroza na mimi tulikata matawi kwa panga, tukayalaza mbele ya matairi. Lori likanguruma kwa sauti ya chini, likatambaa taratibu kama mjamzito anayepanda ngazi, likatoka. Nilipiga makofi. Mzee Yasini, badala ya kufurahi, aliteremka tena na kuinama chini kusikiliza.

"Mbona tumetoka?" nikamwambia.

"Tumetoka. Lakini ule mvuto wote umepita mahali." Akanionyesha kifundo cha mkono wake. "Kwenye kila gurudumu mle ndani kuna shafti, unene wake si mkubwa sana kupita huu. Gia ikiwa nzito, shafti inasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Watu wanadhani lori huvunjika likienda mbio. Hapana. Huvunjika likianza kuondoka. Kwenye tope siogopi, tairi likizidiwa linateleza tu. Niogopee siku nitakayosimama katikati ya mlima, nina mzigo, nimefunga loki, halafu tairi linateleza na kushika jiwe ghafla. Hapo shafti haina pa kukimbilia."

Nilimsikia vizuri sana. Nataka mjue hilo, kwamba sote watatu tulilijua jambo hili tangu Ilagala. Matawi yaliyobaki tukayafunga ubavuni mwa lori, maana milima ilikuwa bado mbele.

Simbo hadi Buzebazeba

Mvua ilikuwa nzito, Mzee Yasini akawasha taa. Mvua ilipokatika taa zikakataa kuzimika, swichi ilikuwa imeingia maji. Dafroza alikuwa amepanda nyuma kushikilia turubai lisipeperuke, nami nikamfuata kumpa kampani. Tulikuwa tumevaa kanga za kikundi, sare, kila mtu amekaa upande wake wa mashine. Lori lilikwenda polepole.

Tulipoingia Simbo niliona watu wanasimama. Mwanamume mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe alivua kofia. Bodaboda zilikaa pembeni kutupisha. Nikamwambia Dafroza, "Ona heshima ya gari la jeshi." Dafroza akainua mkono kuwapungia, kisha akaushusha maana hakuna aliyempungia, walikuwa wameinamisha vichwa.

Tulisimama kununua mahindi ya kuchoma. Mama muuzaji alitupa makubwa kuliko yote, akakataa kupokea chochote. "Aka, mama, siwezi," akasema, na sauti imemlegea. "Mtu hatozwi akiwa kwenye hali hiyo. Poleni sana. Alikuwa mtu mzima?"

Ndipo nilipotazama tulivyo. Turubai jeupe refu limefungwa kamba mahali patatu. Matawi mabichi ubavuni. Taa zinawaka mchana. Wanawake wawili wenye kanga za kufanana, mmoja kila upande, nyuso zimechoka na zimelowa mvua. Nilitaka kueleza lakini Dafroza alishapasuka kwa kicheko, akajifunika uso kwa kanga ili kukificha, mabega yanamtikisika. Yule mama akaanza kulia kwa kumwonea huruma.

Buzebazeba ilikuwa balaa. Tulipoegesha mbele ya nyumba yangu, jirani yangu Mama Shabani alikwishafika na mkeka kwapani na kilemba cha msiba, na nyuma yake watu wa mtaa mzima. Wanaume walikuwa wameanza kuulizana nani atakwenda kutafuta majembe. Nililifungua turubai mbele yao wakaona chuma. Mlicheka wenyewe, mliokuwepo, msijifanye hamkumbuki. Mama Shabani alinuna, akasema ameacha ugali jikoni bure, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye ule mkeka wake.

Mzee Yasini peke yake hakucheka. Alisema, "Toeni hayo majani, mama zangu. Safari haipendi mchezo huu."

"Na mlimani tutatandika nini chini ya matairi?" Dafroza akamjibu. "Kahawa za watu?"

Ni kweli tulihitaji matawi, ni kweli mvua ilihitaji turubai, na fundi wa taa hakupatikana. Kila kitu kilichotufanya tufanane na msiba kilikuwa na sababu yake nzuri.

Buzebazeba hadi Kalinzi

Kupita Mwandiga na kuanza kupanda, barabara ni lami, nami nikakaa mbele. Mzee Yasini alikuwa amefungua loki. Aliniambia kwamba kwenye lami loki ni adui, kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje linataka kwenda mbali kuliko la ndani, na ukiyafunga pamoja yanagombana na ugomvi wao unaingia kwenye shafti. Alizungumza habari za vyuma vyake kama mtu anayeeleza wake wenza wanavyoishi nyumba moja. Nilimpenda sana siku ile. Alikuwa na furaha, maana lori lake lilikuwa limekaa muda mrefu likibeba mchanga tu wa Ujiji, na sasa lilikuwa linapelekwa mahali ambapo hakuna gari lingine lingethubutu kwenda na mzigo ule. Alikuwa amemwambia kila mtu Ujiji.

Kwenye ukungu, bodaboda mmoja alikuja sambamba na mlango wetu. Aliuliza kitu, injini ikameza maneno yake. Mzee Yasini akainua mkono kumsalimia. Kijana yule akatikisa kichwa kwa huzuni, akakaza mwendo, akatuacha. Hatukumfikiria tena.

Kalinzi tulikwama kwa sababu ya mvua. Njia ya kwenda kwetu inaachana na lami pale, inashuka mpaka kitongoji cha Kumugezi kando ya kijito, halafu inapanda mlima mmoja mrefu hadi kijijini. Binamu yangu alitupokea, tukala ndizi na maharage asubuhi, mchana ndizi na maharage, na jioni alituomba radhi akatupa maharage na ndizi. Dafroza alisema afadhali msiba wa kweli, huwa kuna nyama.

Mvua ilipotulia Mzee Yasini aliupanda mlima ule kwa miguu, na fimbo, akichoma ardhi kila mahali. Alirudi suruali imejaa udongo mwekundu mpaka magotini. "Panapandika," akasema. "Katikati kuna bamba la mwamba limejitokeza, juu yake tope. Nitaingia na gia nzito tangu chini, loki nimefunga, mwendo ule ule mmoja, sikanyagi wala siachii mpaka juu. Nikiwa natembea, lile jiwe nitalipita bila hata kulijua. Kusimama, hapana. Nikimwona hata mama yangu mzazi, nampita."

Shangazi alikuwa ametuma salamu kwamba nyumba ya mashine imeezekwa na mahindi ya kwanza yako tayari. Nilimjibu kwamba tunafika kesho.

Mlima wa Kumugezi

Tulishuka Kumugezi asubuhi, ukungu umeondoka. Nilishangaa kuona kitongoji kimya, milango imefungwa. Mzee Yasini aliingiza gia nzito, akafunga loki, akasoma bismillah yake, tukaanza kupanda. Lori lilivuta vizuri mno. Hakuna kuyumba, hakuna kuteleza, sauti moja tu ya chini, nzito, iliyokuwa inajaza bonde lote. Nilitazama mikono yake kwenye usukani, ilikuwa imetulia kabisa.

Tulipokaribia katikati niliwaona.

Walikuwa wamepanga mstari kando ya njia, pale penye mashamba yao, watu wa Kumugezi wote, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Kule kwetu kukiwa na msiba jembe haligusi ardhi, na kweli majembe yalikuwa yamelazwa chini, siku ya jua katikati ya masika, siku ambayo kila mtu alikuwa na palizi yake. Yule bodaboda wa kwenye ukungu, kumbe mtu wa kwao, alikuwa amefikisha habari: wanamleta marehemu kutoka mjini, yuko kwenye lori na dada zake wawili. Nao wakaona si vizuri wafiwa wapite kwao bila kupokewa. Wazee wawili walikuwa wamesogea mbele kidogo, wanatupigia yale makofi ya taratibu ya salamu yetu, mikono tayari kunyooshwa.

Hawakuwa wameziba njia. Nafasi ya kupita ilikuwepo.

Mzee Yasini alisimama.

Nilisikia lori likiugua na kutulia. Yule mzee aliye mbele alipanda kwenye kikanyagio cha mlango wangu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanisalimia kwa Kiha kama mwanawe.

"Mwakeye, mwana wanje. Poleni. Poleni sana. Tumempoteza nani?"

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Hatujampoteza mtu. Ni mashine ya kusaga."

Alinitazama. Dafroza kule nyuma akafunua turubai kidogo, chuma kikaonekana. Bibi mmoja akasema "Yoo!" na kuanza kucheka, na kicheko kikashuka mstari mzima mpaka chini. Walicheka kwa nafuu, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Na kwa kuwa watu wameshakutana, hawawezi kuachana bila kusalimiana. Ikawa mkono kwa mkono, mwakeye na mwakeye, habari za watoto, habari za ng'ombe, habari za yule ndugu yao aliyeolewa Ujiji. Mnatujua Waha kwa salamu. Mzee Yasini alishuka akasalimiwa pia, na huku akisalimiwa alikuwa anatazama magurudumu ya nyuma. Wanaume waliweka mawe nyuma ya matairi lori lisirudi.

Alikwenda akatazama chini tulikotoka. Kurudi nyuma ili tuanze upya haikuwezekana, kona ilikuwa imebana, upande mmoja genge, na kwa uzito ule kwenye tope lori lingejichagulia lenyewe pa kwenda. Kushusha mzigo pale pale kwenye mteremko, fremu ingeweza kuteleza na kuua mtu. Tuliyazungumza yote hayo, na wazee wakatoa mawazo yao. Mwishowe alisema, "Tutaondokea hapa hapa." Aliomba watu wote watoke nyuma ya lori. Tukatandika matawi yote tuliyokuwa nayo.

Nilisimama pembeni na Dafroza. Mzee Yasini aliachia klachi pole pole kama anavyoweza mtu. Matairi ya nyuma yalizunguka, matawi yakarushwa, tope likaruka, kisha tope likaisha na tairi la kushoto likauma mwamba. Lori likajinyanyua kama linalotaka kuruka. Kukatoka mlio mmoja mkavu, kama ukuni uliovunjwa kwa goti, halafu mwingine wa kusaga, mrefu, wa vyuma vinavyotafunana. Lori likarudi nyuma hatua moja, likakaa juu ya mawe.

Alizima injini. Aliingia chini ya lori, tukaona viatu vyake tu. Alipotoka hakunitazama mimi, alilitazama lori.

"Shafti imekatika," akasema. "Na vipande vimeingia kwenye difu, zile gia za katikati ya ekseli, meno yameng'oka."

"Si linavuta magurudumu sita, Mzee? Mengine je?"

"Likiwa tupu, yale ya mbele yanaweza kulishusha. Kulipandisha na mzigo huu, hapana mama. Hapana."

Wale wale waliokuja kutupa pole ndio waliotusaidia. Walikata miti, wakafunga kamba kwenye lori kulishikilia, wakaishusha mashine kwa fito na mabega mpaka kwenye tambarare ya Kumugezi, wanaimba, wanawake wanatandaza majani mbele wasiteleze. Ilichukua siku nzima. Hakuna aliyeumia. Nimekaa nikitafuta mtu wa kumkasirikia katika watu wale nimekosa. Siku waliyoipoteza shambani walitupa sisi mara mbili, asubuhi kwa msiba usiokuwepo na mchana kwa mashine.

Nilimuuliza Mzee Yasini jambo moja tu, tulipokaa juu ya jiwe tukisubiri kamba. "Mzee, ulisema hata mama yako mzazi ungempita."

"Nilisema," akajibu. Alikuwa anafuta grisi kwenye vidole, kimoja kimoja. "Lakini mwalimu, walikuwa wamevua kofia."

Kama angewapita wale wazee na mikono yao imenyooshwa, akawarushia tope, ningemwona mtu wa ajabu. Salamu zile sizijutii. Najutia mahali tulipozipokea. Zingekuwa hatua mia chini, kwenye tambarare, ningekuwa nawasimulia hadithi ya kuchekesha.

Kwa miguu

Dafroza alibaki na mashine. Nilipanda peke yangu kilichobaki cha mlima, kwa sababu mtu alitakiwa kwenda kusema.

Kijijini walikuwa wamelisikia lori tangu asubuhi. Sauti inapanda kule vizuri sana kutoka bondeni. Walipoisikia imekata walidhani tumefika mahali pa kupumzika, kisha walipoona muda unakwenda walidhani Kumugezi wametushikilia kwa pombe. Habari za msiba ziliwafikia pia, nao, kwa kuwa walijua kilichomo kwenye turubai, walikuwa wamecheka mchana kutwa. Waliponiona natokeza kwenye njia walianza vigelegele, na mmoja akapaza sauti, "Mleteni huyo marehemu tumfufue!"

Shangazi Monika alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mashine. Walikuwa wameijenga kwa tofali za kuchoma, wameisawazisha sakafu kwa saruji, na katikati ya sakafu zimesimama boliti za kufungia fremu, zimepakwa mafuta zisipate kutu na kuvishwa maganda ya migomba. Kikapu chake cha mahindi kilikuwa kando ya mguu wake, ameyapepeta hayana hata kapi moja. Alikuwa ameahidiwa kusaga wa kwanza.

"Limeegeshwa wapi?" akaniuliza.

Nikawaambia. Nilisema yote kwa mkupuo, shafti na difu na mwamba, maneno ambayo hawakuyahitaji. Vigelegele vilikatika upande mmoja na upande wa pili vikaendelea kidogo, kwa wale waliokuwa hawajasikia.

Shangazi alininyooshea mkono nimwinue. Nilitaka anigombeze. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananigombeza kwa kikombe kilichovunjika mpaka majirani wanamsihi. Alinipangusa tope shavuni kwa upande wa kanga yake, akasema, "Umejitahidi, mwana wanje. Kapumzike." Afadhali angenitukana.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tumejaribu. Trekta moja lilikuja likafika pale kwenye mwamba likageuka. Mzee Yasini alilishusha lori tupu kwa magurudumu ya mbele, likarudi Ujiji kwa mwendo wa kinyonga, na ametafuta shafti na meno ya difu Kigoma, Kasulu na mpaka kwa watu wanaokwenda Mwanza. Gari la umri ule halina ndugu waliobaki. Nikikutana naye Ujiji jambo lake la kwanza kuuliza ni hali ya Shangazi, na la pili hana. Kikundi kilikaa kikao, kikaona mashine ikiachwa chini ya turubai itaoza, nao watu wa Kumugezi wakatoa kiwanja na bati. Ikafungwa pale pale. Inasaga vizuri. Wanawake wa kwetu sasa wanashuka nusu ya njia yao ya zamani, na wengi wanasema Mungu mkubwa, nusu ni nusu.

Magoti ya Shangazi hayaijui nusu. Mlima ule ndio uliokuwa unamshinda tangu mwanzo. Wenzake humchukulia mahindi yake wakashuka nayo, siku wakiwa na nafasi, na siku wasipokuwa nayo yeye hutwanga.

Nilikwenda kumwona likizo iliyopita. Asubuhi nilimkuta uani na mchi mkononi. Kutoka bondeni mashine ikawashwa, sauti yake ikapanda mpaka pale mlangoni, safi kabisa, ungedhani iko nyuma ya nyumba. Shangazi aliusimamisha mchi akasikiliza. "Leo wanasaga muhogo," akaniambia, "mahindi hayalii hivyo." Kisha akaendelea kutwanga.